Unga wa uji wa mtoto kutoka Kongowea: pakiti ya viambato 14 na unga wa kusagiwa

Mwezi wa tatu mwaka huu wifi yangu, anayeishi katika kijiji kimoja nje ya mji wa Kaloleni, alinipigia simu akaniomba nimtafutie huku Mombasa "ule unga wa watoto wenye kila kitu ndani". Mwanawe kitinda mimba alikuwa ametimiza miezi minane, na muuguzi wa zahanati alikuwa amemwonyesha kwenye kijitabu cha kliniki kwamba mstari wa uzito, ambao ulipaswa kupanda, ulikuwa umelala kwa miezi miwili mfululizo. Nilikwenda soko la Kongowea, nikaingia katika duka la nafaka lenye mashine ya kusaga upande wa nyuma, nikanunua pakiti mbili za unga wa uji wa mchanganyiko na kumpelekea. Kwa jumla nimefika dukani hapo mara saba, mara mbili kwa ajili ya pakiti na mara tano kusagiwa unga kwa vipimo vyangu mwenyewe, na nimekaa jikoni kwa wifi nikiona unga huo ukipikwa na kuliwa. Duka sitalitaja, kwa sababu maduka ya namna hiyo Kongowea ni mengi, yanauza pakiti zinazofanana na kutoa huduma inayofanana, na ninachotaka kupima ni hivyo viwili.

Kaloleni iko katika kaunti ya Kilifi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao, na hiyo ni nafuu kubwa ikilinganishwa na asilimia 26 ya mwaka 2014. Kilifi, hata hivyo, ilikuwa na asilimia 37, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote. Hasara hii hutokea zaidi katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na baada ya hapo ni vigumu sana kuirekebisha. Kwa hiyo mama wa kijijini mwenye mtoto wa miezi minane na shilingi mia tatu mkononi hana nafasi ya kujaribujaribu, na muuzaji anayemuuzia unga anastahili kupimwa kwa makini kama anavyopimwa muuza dawa.

Nianze na pakiti. Ni ya kilo moja, ya plastiki inayong'aa, yenye picha ya mtoto mnene anayecheka, na nilinunua kila moja kwa shilingi 280. Mgongoni imeandikwa orodha ya viambato 14: mahindi, mtama, wimbi, mawele, ngano, mchele, soya, njugu, ufuta, mbegu za boga, ndizi mbichi iliyokaushwa, mhogo, mlonge na omena. Chini yake pameandikwa kwamba unga huo huongeza damu, akili, urefu na uzito, na kwamba unawafaa watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa. Hapakuandikwa kila kiambato kina uzito gani, wala kama soya na njugu zilikaangwa kabla ya kusagwa, wala tarehe ya kusagwa. Dada aliyekuwa kaunta alinipa pakiti, akachukua fedha na kunishukuru kwa adabu, lakini hakuniuliza mtoto ana umri gani.

Pakiti ya kwanza ilipikwa siku hiyo hiyo nilipofika. Uji wake ulikuwa na harufu nzuri ya njugu na rangi ya kahawia, na watoto wakubwa waliupenda. Pakiti ya pili iliwekwa juu ya kabati, chini ya bati, na ilipofunguliwa wiki tatu baadaye ilikuwa chungu. Mtoto aliutema uji, wifi akadhani mtoto anaumwa, akaongeza sukari, naye akautema tena. Nilipofika nikauonja mkavu kwa ncha ya ulimi: ladha ilikuwa ile ya mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi muda mrefu. Njugu, ufuta, soya na mbegu za boga zina mafuta mengi. Mbegu ikiwa nzima mafuta hayo hulindwa na ganda, lakini ikisagwa huanza kukutana na hewa, na joto la pwani yetu, lililozidishwa na bati, huharakisha kuharibika kwake. Viambato vilivyoandikwa kama sifa ya unga ndivyo vilivyofanya usidumu, na kwa kuwa pakiti haikuwa na tarehe, hatukuweza kujua ilikuwa imekaa rafu ya dukani kwa muda gani kabla hatujainunua.

Lipo na jambo la wingi wenyewe wa viambato. Mtoto anayeanza vyakula huonjeshwa kimoja kimoja, kwa siku chache kila kimoja, ili kikimletea vipele, kutapika au kuhara kijulikane. Njugu, soya, ngano na samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana zaidi kwa kuwadhuru watoto wenye mzio, na hapa vyote vinne vimo katika kijiko kimoja. Mtoto akivimba midomo mama hatajua alaumu kipi. Soya mbichi ina kemikali zinazozuia protini kusagika tumboni, na ndiyo maana ni lazima ikaangwe au ichemshwe vizuri kwanza. Zaidi ya hayo, kiambato kikiwa cha kumi na nne katika orodha isiyo na vipimo, huenda omena waliotiwa humo ni ukufi mmoja kwa gunia zima. Mahindi, mtama, wimbi, mawele, ngano na mchele ni nafaka zote, na mhogo na ndizi ni wanga vilevile. Ukihesabu kwa kazi ambayo chakula hufanya mwilini, orodha ile ndefu ina makundi manne au matano tu.

Hayo yote ningeweza kuyasamehe kama bei ingeruhusu, lakini kilichonifanya niachane na pakiti nilikiona jikoni. Mtoto wa miezi minane hali peke yake. Wifi ana watoto watano, na hapo nyumbani yupo hawe, kama wanavyomwita bibi kule, ambaye ndiye anayebaki na wadogo mama anapokwenda kuteka maji au kulima. Uji hupikwa asubuhi katika sufuria moja na kutiwa katika chupa ya chai. Watoto wa shule hunywa kikombe kimoja kabla ya kuondoka, anayefuatia kitinda mimba hunywa viwili, na hakuna mzazi wa hali ya kawaida atakayewapikia wengine uji mweupe wa mahindi na kumfichia mdogo ule wa njugu. Kilo moja iliyoandikwa kuwa ya mwezi mzima iliisha siku ya tano. Ndipo nilipotambua kwamba unga wowote unaopelekwa kijijini kwa jina la mtoto mmoja utanywewa na watoto wote, na haki ni kuupima kwa swali moja: je, nyumba hii itaweza kuununua tena wiki ijayo, na ile inayofuata, mpaka mtoto afike miaka miwili? Kwa shilingi 280 kila siku tano jibu ni hapana. Baada ya pakiti kuisha, mtoto alirudia uji wa mahindi meupe na chai ya rangi, na ule mstari kwenye kijitabu haukuwa na cha kuuinua.

Jambo lingine nililoliona jikoni halikuwa kosa la unga, ila muuzaji angeweza kulirekebisha kwa sentensi moja. Nilichota uji kwa kijiko, nikakiinamisha, uji wote ukamwagika kama maziwa. Wifi huupika hivyo kwa makusudi, ili uwatoshe wote na ili mdogo aweze kuumeza. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo saba hujazwa na mililita 210, ambazo hazijai hata kikombe cha robo lita. Kikombe hicho kikiwa na gramu 20 tu za unga kina takriban kilokalori 70. Kikipikwa kwa gramu 40 kina mara mbili yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto anayenyonya anahitaji kutoka katika vyakula vingine kilokalori 200 hivi kwa siku akiwa na miezi sita hadi minane, 300 akiwa na miezi tisa hadi kumi na mmoja, na 550 katika mwaka wa pili. Kwa uji mwembamba tumbo litajaa na njaa itabaki. Uji wa mtoto unapaswa kukaa juu ya kijiko kilichoinamishwa, ukidondoka polepole, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kikitiwa ndani huongeza takriban kilokalori 40 bila kuongeza ujazo.

Niliporudi Kongowea mara ya tatu sikusimama kaunta. Nilizunguka nyuma, kwenye mashine, nikamkuta mzee anayesaga, nyusi na kope zake zikiwa nyeupe kwa unga, kitambaa kimefungwa puani. Nilimweleza kisa cha pakiti chungu. Alizima mashine ili tusikilizane, jambo ambalo sikulitarajia kwa kuwa watu walikuwa wamepanga foleni, akaniuliza, "Mama, mtoto ana miezi mingapi?" Kisha, "Angali ananyonya?" Kisha, "Njugu ameshawahi kula?" Baada ya majibu yangu alisema, "Basi huyo hataki vitu kumi na vinne. Huyo ataka unga mchache, ulio mpya." Huduma ya duka lile ninayoisifu ni hayo maswali matatu pamoja na kazi iliyofuata.

Kwa ushauri wake na kwa niliyokuwa nimejifunza kliniki, tumekaa na mchanganyiko huu: kilo moja na nusu ya wimbi, kilo moja na nusu ya mahindi na kilo moja ya kunde. Protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, kijenzi kimoja cha protini, ambayo kunde zinayo kwa wingi, na kile ambacho kunde zimepungukiwa nafaka inacho, hivyo vipimo vitatu vya nafaka kwa kimoja cha jamii ya kunde humfaa mtoto kuliko nafaka sita zilizochanganywa pamoja. Wimbi lina madini ya chokaa mengi kuliko nafaka nyingine tunazozila, zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100. Kunde hulowekwa usiku mmoja, hupukuchuliwa ganda, hukaushwa juani na kukaangwa kikavu mpaka zinukie. Kazi hiyo naifanya mwenyewe nyumbani kwangu Mishomoroni siku moja kabla. Njugu sizitii. Zikihitajika, huko kijijini hukaangwa na kutwangwa kwa kinu siku ile ile ya kupika, kijiko kimoja kwa kikombe.

Kusaga kwenyewe kunastahili kuelezwa, kwa sababu ndipo ubora unapopatikana au kupotea. Dukani nafaka humwagwa katika uteo, na mama mmoja aliyeajiriwa kwa kazi hiyo huipeta na kuichambua mbele yako kwa malipo madogo. Mara ya kwanza alitoa katika wimbi langu mchanga wa kujaza kiganja. Mahindi huyachambua punje kwa punje, akitupa zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au ya majivu. Nilimwona akiinusa kila konzi kabla ya kuimwaga ndooni. Uangalifu huo si wa bure. Sumu ya aflatoksini hutokana na kuvu wanaoota katika mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na mwaka 2004 iliua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Sheria za Kenya haziruhusu izidi mikrogramu 10 kwa kilo ya chakula, lakini hakuna mama anayeweza kuipima kwa macho, na punje safi machoni yaweza kuwa nayo. Hata hivyo kuchambua kwa mkono huipunguza sana, kwa sababu sumu nyingi huwa imejikusanya katika punje chache mbovu. Ndani ya pakiti iliyokwisha kusagwa huna cha kuchambua.

Baada ya hapo mzee hubadilisha wavu wa mashine, akiweka wenye tundu ndogo, akapitisha kwanza ukufi wa mahindi ili kusukuma nje mabaki ya mteja aliyetangulia, na ukufi huo huutupa. Mara moja nilimkuta kijana msaidizi, ambaye hakufanya hivyo, na unga wangu ulitoka na harufu ya pilipili. Kwa mtoto mwenye mzio wa njugu mabaki kama hayo yangekuwa hatari, kwa hiyo simama hapo hapo na uombe mashine isafishwe. Kasoro ya pili ni vipande vidogo vya chuma vinavyomomonyoka kutoka katika nyundo za mashine zinapokuwa kuukuu. Mzee ana sumaku aliyoifunga kwa waya mdomoni mwa mfereji wa unga, nayo siku moja nilipoitazama ilikuwa na vumbi jeusi; nilifurahi kuiona hapo, nikasikitika kwamba haisafishwi kila siku. Unga hutoka ukiwa wa moto. Ukiufunga hivyo hivyo katika plastiki utatoa jasho na kuvunda, kwa hiyo nauacha wazi juu ya kitambaa safi kwa saa moja, kisha nautia katika mfuko wa nguo. Nasaga wa wiki tatu tu, si zaidi.

Ipo kasoro ya tatu iliyo nje ya uwezo wa duka. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawalazimu wenye viwanda vya unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa kuutia virutubisho, vikiwemo vitamini A, madini ya chuma na zinki. Unga unaosagiwa mashineni hauna nyongeza hiyo. Anayeacha unga wa dukani kwa ajili ya kusagiwa anapaswa kuifidia sahani ya mtoto kwa njia nyingine, na asikose tone la vitamini A linalotolewa kliniki kila miezi sita, tangu mtoto anapofikisha miezi sita hadi anapokaribia miaka mitano. Wiki za Malezi Bora za mwezi wa tano na wa kumi na moja zimewekwa kwa kazi hiyo. Kijitabu cha mtoto wa wifi kilikuwa na nafasi tupu mahali hapo, na nilimsihi aende.

Kuhusu kufidia kwa sahani, duka lile linauza omena na dagaa wa pwani, uono hasa, waliokaushwa. Mara ya kwanza niliomba wasagwe pamoja na unga. Sirudii. Unga wote ulinuka samaki, watoto wakubwa waliukataa, nao ulianza kuharibika kabla ya wiki mbili. Sasa nawaosha dagaa kwa maji ya moto kutoa mchanga, nawakausha, nawakaanga kidogo bila mafuta na kuwasaga peke yao, robo kilo, kisha nawaweka katika chupa ya kioo yenye kifuniko. Hawe hutia kijiko kimoja cha unga huo katika mchuzi wa mchicha au wa majani ya kunde na kumpondea mtoto pamoja na wari, yaani ugali, laini wakati wa mchana. Samaki huyo mdogo huliwa mzima, na mfupa wake, hivyo hubeba madini ya chokaa, chuma na zinki ambayo mwili huyapokea kwa urahisi kuliko yale ya nafaka. Katika nafaka na kunde madini hayo hushikwa na fitati, kemikali za asili zilizomo katika mbegu, na kuloweka au kuotesha huzilegeza. Ndiyo sababu maneno "huongeza damu" kwenye ile pakiti ni ahadi kubwa kuliko kilichomo. Vitamini C husaidia kuyapokea, na hiyo Kaloleni ipo bure juu ya miti: ubuyu mweupe, ule wa kutoka mtini, ukilowekwa na kuchujwa juu ya uji uliopoa. Sisemi mabuyu yaliyopikwa kwa sukari na rangi nyekundu tunayouziwa mitaani huku Mombasa. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, na kuiondoa katika mlo wa mtoto hakukugharimu hata senti.

Mzee wa mashine alinifundisha pia kimea. Wimbi hulowekwa usiku mmoja, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu mpaka liote vijimizizi vyeupe, likakaushwa juani na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito ambao umepoa kidogo, uji hulegea wenyewe ndani ya dakika chache bila kuongezwa maji, kisha hurudishwa motoni uchemke. Mtoto anameza kwa wepesi, na nguvu ya chakula inabaki ile ile. Nilipomwonyesha hawe alicheka akasema kimea anakijua tangu utotoni, ila kwa kazi ya pombe. Sasa ndiye anayekiotesha.

Ni lazima niseme wazi kwamba unga huu ni chakula cha mtoto mzima wa afya au aliyeanza kudhoofika, na si tiba. Mhamasishaji wa afya ya jamii alipompima mtoto wa wifi kwa ule utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu, ulisoma sentimita 12.3, yaani rangi ya njano, ambayo ni kati ya 11.5 na 12.5. Akapelekwa zahanati, akatibiwa kuhara kulikokuwa kumemsumbua, na akawekwa katika orodha ya wanaofuatiliwa. Mtoto aliye chini ya 11.5, au ambaye miguu yake yote miwili ikibonyezwa kwa kidole gumba hubaki na shimo, hapaswi kuanziwa unga wa dukani. Anapaswa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, ambako kuna chakula tiba kilichotengenezwa kwa ajili yake. Nalisisitiza hili kwa sababu kule kwetu uvimbe huo na kukonda huko bado huitwa chirwa, na huku mjini husemwa mtoto amebemendwa, na wazazi hutazamana kwa aibu ya kuvunja mwiko huku mtoto akizidi kudhoofu. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana, aliuingiza katika vitabu vya tiba ugonjwa huo kwa jina ambalo Waga, watu wa huko, wenyewe waliutumia, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Wazee wetu na wazee wa Ghana waliona kitu kile kile: mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine. Kilichotakiwa ni kutazama kinachowekwa sahanini baada ya ziwa kuondoka.

Kwa bei za safari yangu ya mwisho, wimbi lilikuwa shilingi 140 kwa kilo, mahindi 60, kunde 160, na kusaga shilingi 20 kwa kilo. Kilo nne zikanigharimu shilingi 540, yaani shilingi 135 kwa kilo, chini ya nusu ya bei ya pakiti. Dagaa na malipo ya kuchambua ni nyongeza. Gharama ya kweli ni muda: asubuhi nzima, kelele, vumbi, na safari ya matatu kupitia Mazeras nikiwa na mfuko mapajani. Kwa mtu wa mjini asiye na nafasi, duka lingefanya wema mkubwa kama lingetengeneza pakiti ya pili yenye vitu viwili au vitatu tu, vipimo vyake vimeandikwa na tarehe ya kusagwa imegongwa muhuri. Nimemwambia mwenye duka, akasema wateja hupenda orodha ndefu. Naamini wangependa fupi kama wangeulizwa maswali ambayo mzee wa mashine huuliza.

Mashine ya kusaga iko Kaloleni pia, na mara mbili wifi alijaribu kusagiwa huko, lakini wavu wake ni wa tundu kubwa kwa ajili ya unga wa wari, na wimbi lilitoka na chenga zilizomkwama mtoto kooni. Mtoto sasa ana mwaka na mwezi mmoja, utepe wake unasoma 13.1, na mstari wa kijitabu umepanda kwa miezi minne bila kulala. Mwenye mashine wa Kaloleni ameahidi kununua wavu wa tundu ndogo akipata kina mama watano watakaosaga uji kila mwezi. Wifi ameshampelekea wanne.